Bastrop, Palo Duro au Davis Mountains? Hifadhi tatu za Texas zilizojengwa na vijana wa dola 30 kwa mwezi

Kila mwaka Agosti ikielekea ukingoni, kundi letu la WhatsApp hapa Houston linaanza mabishano yaleyale: wikendi ndefu ya Septemba twende wapi? Wenye watoto wadogo wanataka pa karibu. Wenye magari mapya wanataka pa mbali. Wapo pia wanaosema wamekulia shamba, wameshalala sana gizani na mbu, na hawaoni kwa nini sasa wakalipie. Mwisho wa yote tunachoma nyama uani kwa mtu mmoja, kila mtu anarudi kulala kwake.

Mimi nimekuwa nikizizunguka hifadhi za jimbo la Texas kwa miaka kadhaa, nyingine mara mbili tatu, na ninaulizwa zaidi kuhusu hizi: Bastrop, Palo Duro Canyon na Davis Mountains. Kwenye picha hazifanani hata kidogo. Kuna msitu wa misonobari, kuna korongo jekundu, kuna milima mikavu yenye nyota za kumwaga. Lakini zote zimepita kwenye mikono ya watu wa aina moja, miaka ileile, kwa mshahara uleule. Ndiyo maana silinganishi mandhari. Mandhari kila mtu ana macho yake. Ninachouliza ni kazi ya wale watu utaigusia wapi. Bastrop unalala ndani yake. Palo Duro unaikanyaga kwa matairi. Davis inakupoza mwili saa nane mchana jua likiwa la utosi.

Waliingiza 30, wakatuma 25

Kwanza tuelewane ni kina nani, maana ukifika getini utaona herufi CCC kila kona na watoto watakuuliza.

Mwaka 1933 Marekani ilikuwa imekwama kwenye Mdororo Mkuu wa Uchumi. Katika kila watu wanne wenye uwezo wa kufanya kazi, mmoja hivi hakuwa nayo. Rais Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi, na ilipofika tarehe 31 ya mwezi huohuo alikuwa ameshatia saini sheria iliyozaa CCC, kikosi cha kiraia cha uhifadhi. Walichukuliwa vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25, wasio na wake, kutoka familia zilizokuwa zinaishi kwa msaada. Baadaye umri ukalegezwa, na wanajeshi wa zamani wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakapewa vikosi vyao. Kambi moja ilikuwa na watu 200 hivi. Jeshi lilisimamia kambi, chakula na nidhamu. Idara ya Hifadhi za Taifa ilisimamia michoro na kazi za kwenye hifadhi. Msomaji aliyepita JKT au NYS atakuwa ameshapata picha, isipokuwa hapa hapakuwa na mafunzo ya bunduki.

Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi. Kijana alibaki na tano za sabuni na sigara. Nikisoma hilo huwa nacheka peke yangu, kwa sababu nusu ya watu ninaowajua hapa wanaishi hivyohivyo: mshahara unaingia Ijumaa, Jumamosi asubuhi umeshavuka bahari, na aliyeutolea jasho anakula maharage hadi Ijumaa nyingine.

Mpango ulidumu hadi 1942 na ukapitiwa na watu wapatao milioni 3 nchi nzima. Texas peke yake iliandikisha kama 50,000, na hifadhi 29 walizozijenga bado ziko kwenye orodha ya hifadhi za jimbo mpaka leo.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo ukilijua utaziona hifadhi hizi kwa jicho lingine. Lengo la fedha lilikuwa kuajiri watu, halikuwa kununua mitambo wala kuagiza vifaa kutoka mbali. Kwa hiyo msanifu alikuwa na mikono mingi, muda mwingi na bajeti ndogo ya vifaa. Akafanya kile ambacho fundi yeyote wa kijijini angefanya: akajengea kilichopo. Penye mawe, mawe. Penye udongo, udongo. Na kwa kuwa wengi wa vijana hawakuwa wameshika nyundo maishani, kambi ziliajiri mafundi wa maeneo yale, waashi na maseremala wazee waliokuwa hawana kazi, wawafundishe. Ukiona ukuta ambao upande mmoja jiwe limekaa kama limezaliwa pale na upande wa pili limelazimishwa, usishangae. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa kwenye jukwaa moja.

Bastrop: unalala ndani ya kazi yenyewe

Bastrop iko maili 30 hivi mashariki ya Austin. Kutoka Houston ni safari ya saa mbili na ushee, unaweza kuondoka baada ya kifungua kinywa na mchana ukawa unapika wali huko. Vikosi viwili, namba 1805 na 1811, vilifanya kazi hapa kati ya 1933 na 1939, chini ya msanifu Arthur Fehr. Alitaka majengo yaonekane kama yameota. Sikuelewa maana yake mpaka niliposimama mbele ya kimojawapo cha vijumba vya kulala wageni: mawe ya chini kabisa ni makubwa, hayana umbo, nusu yamezikwa ardhini, na kadiri ukuta unavyopanda mawe yanapungua ukubwa na kunyooka. Huwezi kuonyesha kwa kidole mwamba unaishia wapi na nyumba inaanzia wapi.

Ingia ndani. Meko ni ya mawe ya mchanga yenye rangi ya kutu, na ubao ulio juu yake umechongwa kwa mkono. Pitisha vidole pole pole kwenye kingo za ubao, utahisi mabonde madogo madogo ya patasi, moja baada ya jingine, hayalingani. Mwanangu wa miaka saba aliyahesabu mpaka akasinzia. Kambi ya Bastrop ilikuwa na karakana ya useremala iliyotengeneza samani za mwerezi na misonobari, na siyo kwa ajili yao tu: viti na vitanda vya hapa vilipelekwa hadi Davis Mountains, upande wa pili wa jimbo. Kwa hiyo hata ukichagua Davis, utakuwa umekalia Bastrop.

Ndiyo faida kubwa ya Bastrop. Kwingine kazi ya CCC unaitazama. Hapa unafunga mlango wake kwa komeo usiku.

Sasa hasara. Msitu wa Bastrop unaitwa Misonobari Iliyopotea, kwa kuwa umejitenga na misitu mikubwa ya misonobari ya mashariki kwa karibu maili 100. Kama bado una picha ya kivuli kizito uliyoiona kwenye kalenda ya zamani, ifute. Tarehe 4 Septemba 2011, katika mwaka wa ukame mkali na siku ya upepo, moto ulianza katika wilaya hii ukateketeza ekari zipatazo 34,000 na nyumba zaidi ya 1,600, na watu wawili wakafa. Ndani ya hifadhi, asilimia 96 ya eneo iliguswa na moto. Wazima moto na wafanyakazi wa hifadhi walipigania majengo ya CCC na wakayaokoa karibu yote. Hebu fikiria: miti imekwisha, vijumba vimesimama katikati ya majivu. Miaka minne baadaye, Mei 2015, mvua kubwa ikashuka kwenye vilima ambavyo havikuwa tena na miti ya kuzuia maji, na tuta la bwawa walilolijenga wale vijana likakatika. Ziwa dogo la hifadhi likaondoka asubuhi moja.

Misonobari inarudi. Maelfu kwa maelfu ya miche ilipandwa, na mingine leo imempita mtu mzima kimo. Lakini ni msitu mchanga, na kiangazi jua linakufikia. Mimi hilo halinisumbui. Napenda kuona kitu kikiota upya. Mke wangu anasema ni kama kwenda kuangalia kichwa kilichonyolewa. Mchukue mmoja wetu.

Kuhusu bwawa la kuogelea la hapa, usiwaahidi watoto kabla hujauliza. Ni la enzi zilezile, na vitu vya umri huo hufungwa kwa matengenezo bila kukuomba radhi.

Palo Duro: barabara ndiyo jengo

Palo Duro iko kaskazini kabisa, maili 25 hivi kutoka Amarillo. Kutoka Houston ni kutwa nzima ya kuendesha. Kutoka Dallas ni kama saa sita. Usiende kwa siku mbili. Ni kujitesa.

Unafika kwenye uwanda ulio sawa kama chapati, hakuna kilima, hakuna bonde, ukaanza kujiuliza kama umepotea. Halafu ardhi inakatika ghafla mbele ya gari. Korongo lina urefu wa maili 120 hivi na kina cha hadi futi 800, na nchini Marekani linahesabiwa la pili kwa ukubwa baada ya Grand Canyon. Wenyeji asilia wa Amerika, watu wa Comanche, Kiowa na Cheyenne, walikuwa wakijificha humu na farasi wao hadi Septemba 1874, jeshi la kanali Ranald Mackenzie lilipowashukia alfajiri. Watu wengi walifanikiwa kukimbia, farasi wakatekwa, na zaidi ya 1,000 wakapigwa risasi kwa amri yake ili wenyewe wasiwe na cha kupanda. Hilo pia waelezeni watoto.

CCC walipofika 1933, kazi ya kwanza ilikuwa njia ya kushukia. Sururu, koleo na toroli. Barabara ile unayoishuka leo kwa dakika chache ukiwa umeshika breki, mwenzio amefumba macho, ndiyo kazi yao kuu hapa. Wakati wa kushuka hutaiona, kwa sababu unaangalia korongo. Nakushauri usimame kwenye moja ya sehemu za kuegeshea, ushuke, uangalie kuta za mawe zinazoshikilia kingo za barabara na makaravati yaliyojengwa kwa mawe chini yake. Magari makubwa ya kulala, ambayo mwaka 1933 hakuna aliyeyaota, yanapita juu yake kila siku.

Hifadhi ilifunguliwa tarehe 4 Julai 1934 wakati kazi bado inaendelea. Hata fedha ya kununua eneo haikuwepo. Jimbo liliichukua ardhi kwa deni kutoka kwa mmiliki, likawa linalipa kwa viingilio vya getini. Anayejenga nyumba kwa mkopo huku ameshapangisha chumba kimoja ataielewa hesabu hiyo.

Majengo yapo. Pale ukingoni juu kuna nyumba ya mawe ambayo sasa ni kituo cha wageni, na vijumba vya mawe vyenye mtazamo ambao hata picha ya simu haiwezi kuuharibu. Chini kwenye sakafu ya korongo kuna vijumba vidogo vya Cow Camp: kuta nene za mawe, vitanda, basi. Choo unatembea kwenda cha pamoja. Kwa vijana ni raha. Kwa mtu anayeamka mara tatu usiku, hapana.

Kinachonifanya nisiipendekeze Palo Duro kwa kila mtu ni joto. Kiangazi sakafu ya korongo inapita nyuzi 38 za Selsiasi mara kwa mara, na njia maarufu ya kwenda kwenye nguzo ya mwamba iitwayo Lighthouse ni karibu maili 6 kwenda na kurudi, kivuli chake ni cha kubahatisha. Kila mwaka wapo wanaookolewa humo, na wapo waliokufa. Niliwahi kwenda nayo mwezi wa saba kwa ubishi tu, nikiwaambia wenzangu kwamba mimi ni mtu wa Dodoma, joto nalijua. Maili ya nne nilikuwa nimekaa chini ya kichaka chenye ukubwa wa mwavuli, nimejifunika kofia usoni, nikigawana chupa moja ya maji na mzee wa Kimarekani nisiyemjua. Joto la Dodoma lina upepo. Nenda Oktoba, au Machi. Ukienda kiangazi, anza kutembea saa kumi na mbili asubuhi na saa nne uwe umerudi.

Davis Mountains: matofali mabichi ya bei ghali

Hapa ndipo nilipompeleka mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Tanga, na ndipo nilipopata somo.

Ndani ya hifadhi ya Davis Mountains, karibu na mji mdogo wa Fort Davis magharibi kabisa mwa Texas, kuna hoteli iitwayo Indian Lodge. Ni nyeupe, imepanda ngazi ngazi kwenye kilima, imeigwa kutoka vijiji vya Wapueblo, wenyeji asilia wa jimbo jirani la New Mexico. Vijana wa CCC waliijenga kati ya 1933 na 1935 kwa matofali ya udongo waliyoyafyatua wenyewe palepale: udongo, maji, majani makavu, kalibu ya mbao, halafu jua. Tofali moja lilikuwa na uzito wa kilo 18 hivi. Kuta zina unene unaozidi inchi 18. Dari ni magogo ya misonobari yaliyolazwa, juu yake matete yamepangwa karibu karibu.

Mama mkwe alisimama mlangoni, akagonga ukuta kwa kiungo cha kidole, akatazama dari. "Haya si matofali mabichi haya? Na zile ni boriti?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akauliza usiku mmoja ni kiasi gani. Nilipomtajia, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, si ungeniacha Muheza."

Lakini mchana ule, nje jua linapiga, alilala usingizi wa saa tatu bila kuwasha kiyoyozi. Aliamka akisema nyumba za bati zimetuharibia akili. Ukuta mnene wa udongo unachelewesha joto: mchana linapenya taratibu, na kabla halijafika ndani jua limeshazama na usiku wa milimani unalirudisha nje. Mji wa Fort Davis uko juu ya usawa wa bahari kwa karibu futi 5,000, kwa hiyo usiku kuna baridi ya kuomba shuka zito hata Juni.

Ukikata chumba, uliza kama unaweza kupata upande wa zamani. Hoteli iliongezwa mwaka 1967 na sasa ina vyumba 39. Vipya si vibaya, lakini boriti, matete na samani za mwerezi zilizotoka Bastrop ziko upande wa kale. Na kabla hujalipa hakikisha iko wazi, maana nyumba ya udongo inahitaji kukandikwa kila baada ya muda, hata iwe ya serikali.

Barabara ya Skyline Drive, nayo ya CCC, inakupandisha hadi kwenye vibanda vya mawe vya kutazamia jua likizama. Darubini za McDonald Observatory ziko jirani. Na hapo mjini kuna ngome ya Fort Davis, ambako baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe waliwekwa askari weusi, wale walioitwa Buffalo Soldiers. Luteni Henry Flipper, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, alishtakiwa mahakama ya kijeshi katika ngome hii mwaka 1881. Kosa la kuiba fedha halikuthibitika, wakamfukuza kwa kosa la mwenendo usiomfaa ofisa. Msamaha wa rais ulikuja 1999, yeye akiwa kaburini karibu miaka 60.

Kwa wenye watoto wanaopenda maji: mwendo wa chini ya saa moja kaskazini kuna Balmorhea, bwawa la kuogelea la CCC linalojazwa na chemchemi. Chemchemi inatoa maji zaidi ya galoni milioni 15 kwa siku, ya uvuguvugu mwaka mzima, na samaki wadogo wanakuzunguka miguuni. Kama kuna kitu kimoja tu cha kukutoa Houston kwa saa tisa za barabara, kwangu ni hicho. Hicho na usingizi wa mama mkwe.

Walizojenga na hawakuruhusiwa kuingia

Sitaki nimalize na vijumba kana kwamba kila kijana alikula sahani moja. Sheria ya 1933 ilikuwa na kifungu, kilichowekwa kwa juhudi za mbunge mweusi Oscar De Priest wa Chicago, kwamba pasiwe na ubaguzi wa rangi katika kuandikisha. Mkurugenzi wa CCC, Robert Fechner, mwaka 1935 akaamuru kambi zitenganishwe. Weusi wapatao 200,000 au zaidi walipita kwenye CCC, wengi kwenye vikosi vya peke yao. Palo Duro ilikuwa na vikosi viwili vya namna hiyo, namba 2875 na 2876. Kwa hiyo zile kuta za mawe nilizokuambia ushuke uziangalie, nyingine zimepangwa na weusi. Hifadhi za Texas zenyewe ziliendelea kuwatenga weusi hadi miaka ya 1960.

Ukitaka kusimama mahali ambapo historia hiyo ndiyo msingi, nenda Huntsville, maili 70 tu kaskazini mwa Houston. Kikosi namba 1823, cha wanajeshi weusi wa zamani wa Vita vya Kwanza, kilianza kazi hapo mwaka 1937. Walijenga bwawa linaloitwa Lake Raven. Mafuriko ya 1940 yakabomoa njia ya kutolea maji, ziwa likakauka, na hifadhi haikurudi kwenye hali yake hadi 1956. Majengo waliyoyaacha ni machache. Ukumbi wao bado upo, unakodishwa kwa sherehe, na ukitafuta mahali pa kufanyia kipaimara au sendoff pa tofauti, ulizia. Kuna mamba ziwani. Vibao vinasema, na vinasema kweli.

Kikosi hichohicho kilipita pia Abilene, na hapo nina salamu maalumu kwa ndugu zetu kutoka Kongo waliopewa makazi mapya katika mji ule. Hifadhi ya Abilene iko chini ya nusu saa kutoka mjini, ina bwawa la kuogelea lililozungukwa na majengo ya mawe mekundu yenye matao. Msiache watoto wakue pale bila kujua ni mikono ya nani.

Sasa uchague

Kama hujawahi kabisa kulala hifadhini na una gari la kawaida, Bastrop. Ni karibu, nyumba ina paa, jiko na choo ndani, na kazi ya mikono iko mbele ya pua yako. Vijumba vinawahiwa miezi mingi kabla, kwa hiyo wikendi ya Septemba iombe wakati watoto hawajafunga shule.

Kama mna vijana wa sekondari wanaolalamika kuwa wamechoka na kila kitu, Palo Duro, Oktoba, vijumba vya chini. Watalalamika barabarani kwa saa kumi na wakifika watanyamaza. Ukiwa na mzee au mjamzito, usiwashushe humo miezi ya joto, hata kama wanasema wanaweza.

Wazazi waliokuja kutembea kutoka nyumbani, Davis. Ni mbali, ndiyo. Gawanya safari, mlale San Antonio au Fort Stockton. Nimewapeleka wazee watatu tofauti, na kila mmoja, kabla ya kuangalia mlima, aligonga ukuta kwanza.

Kuhusu hela: watoto wa miaka 12 kushuka chini hawalipi kiingilio. Kadi ya mwaka, ambayo nilipoinunua mara ya mwisho ilikuwa dola 70, inaingiza gari zima katika hifadhi zote za jimbo, na inajilipa kwa safari tatu nne za familia ya watu wazima wanne. Hata ukiwa na kadi, weka nafasi ya siku mtandaoni kabla hujaondoka. Tuliwahi kurudishwa getini Jumamosi saa tano asubuhi na masufuria yetu ya pilau, kwa kuwa hifadhi ilikuwa imejaa, na tukalila pilau hilo kwenye maegesho ya kituo cha mafuta.

Mwaka huu kura ya kundi imeangukia Huntsville, siku moja tu, kwa sababu ya wale wasiotaka kulala nje. Nimeshaweka nafasi za magari matano. Nyama ni juu yangu, mkaa ni juu ya wenye magari mapya.